Pile Nane Ndani ya Mwanzi

Mikono juu, shati wazi, na bunduki ya askari ikinusa kitovu changu. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na nyinyi mkakunja gazeti mkaenda kula. Mimi nilibaki pale pale.

Kwa wewe uliyeazimwa gazeti hili na jirani na hujui lolote, nakupa kwa kifupi. Mimi ni Muyisa, mpiga gitaa wa Butembo. Nampenda Hulda, kiongozi wa kwaya kule Beni. Baba yake, Papa Éliakim, ni mfanyabiashara wa kwenda Dubai na shemasi wa Kiprotestanti, na mimi hanipendi hata kidogo. Mlinisoma nikitumbukia mtoni Vuhovi pamoja na ampli. Mlinisoma nikifukuzwa uani kwake na bata mzinga. Mlilisoma pia jibu alilompa shangazi yangu Florentine alipokwenda kuniombea uchumba:

"Mukatoliki, sawa, nitavumilia. Mupiga gitari, sawa. Mais byote mbili mu mutu moja? Ile ni mingi."

Shangazi alirudi Butembo na ile "mais" yake, yaani lakini, akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Ulikuwa mwaka wa 2001, na njia zetu zilijaa watu wa bunduki. Lori la Papa Éliakim likapigwa risasi karibu na Alimbongo. Yeye akalala kifudifudi katika shamba la viazi mpaka mlio ukaisha, akatoka hana kidonda, ana tope tu. Akaweka nadhiri ya ibada ya shukrani. Na kwa ibada hiyo alikuwa na kitu alichokileta kutoka Dubai, kisanduku cha kulipa gitaa mwangwi. Beni nzima hakuna aliyejua kukitumia.

"Papa," Hulda akamwambia, "kuko mutu moja tu anajua ile mashini."

"Mutu gani?"

"Yule wa byote mbili."

Papa Éliakim akasema neno ambalo nimelibeba moyoni hadi leo. "Akuje. Kama anaimbisha mashini yangu vile ninataka, familia yake inaweza kuja kubisha hodi. Kama anaiharibu, asipite tena mbele ya mulango yangu."

Basi ndiyo maana nilikuwa njiani kuelekea Beni, nyuma ya pick-up, pamoja na rafiki yangu Kasika mpiga besi. Na ndiyo maana askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, alikuwa amefungua mfuko wangu na kupiga kelele: "Mine! Mine!"

Simlaumu kwa kudhani ni bomu la kutegwa ardhini. Alichokiona kilikuwa kisanduku cha chuma chenye jicho jekundu, nyaya mbili, na kipande cha mwanzi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mtu wa Butembo angejua mara moja. Kwetu redio haili pile zake, yaani betri ndogo, tumboni. Tunapanga pile ndani ya mwanzi, moja nyuma ya nyingine, tunatia waya huku na huku, na zikichoka tunazianika juu ya bati zipate jua, kisha tunaongeza moja mbili za kuzisaidia. Pedali yangu, kile kisanduku cha kukwaruza sauti ya gitaa, nayo ilikula hivyo hivyo. Lakini yule askari alikuwa mtu wa mbali.

"Chef, hii hapana mine," nikasema. "Ni pédale ya gitari."

"Pédale? Sasa vélo iko wapi?" Akatafuta baiskeli nyuma yangu.

"Ni ya mugulu, chef," Kasika akajaribu kusaidia. "Unakanyaga, na inafanya makelele."

"Unasikia!" askari akawageukia wenzake, akimwita mmoja ndugu yangu kwa Kilingala. "Unakanyaga, inafanya makelele. Ile njo mine, ndeko na ngai!"

Nilimtazama Kasika kwa jicho ambalo lingechemsha maharage. Wenzake askari walikuwa wamesharuka nyuma ya mti. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi alikuwa amelala chini, ndizi juu yake.

Kutoka kibandani akatoka kamanda wao, kandambili mguuni, redio iliyokufa begani. Akasikiliza kesi, akajikuna shavu, akaniamuru nipige.

"Kama ni ya muziki, beta tusikie. Kama inapasuka, utapasuka wewe wa kwanza."

Dereva akafungua boneti. Ampli yetu ilikula betri ya gari, kwa hiyo nikaunganisha pale pale barabarani, nikachomeka gitaa kwenye pedali, pedali kwenye ampli. Nikaomba Mungu wa Wakatoliki na wa Waprotestanti kwa pamoja, nikakanyaga.

Jamani! Sauti ilitoka imekwaruzika vizuri kama koo la mzee aliyekunywa pombe ya kasiksi tangu asubuhi. Nikapiga seben, ile sehemu ya gitaa ya kuwachezesha watu. Yule askari wa mine, aliyekuwa amewafuata wenzake, akatoka nyuma ya mti akiwa amekwisha kuanza na kiuno. Mama wa ndizi akainuka na mkungu wake na kucheza nao. Bunduki zikarushwa mgongoni, vumbi likapanda, na kamanda akacheza kwa kandambili moja kwa sababu ya pili ilimtoroka.

"Kitoko!" akasifu kwa kelele, yaani safi sana. "Muende! Njia iko wazi!"

Nikafunga mfuko huku nacheka. Ndipo akaninyooshea mkono.

"Mais pile inabakia. Radio yangu inakufa tangu juzi. Hatujue hata vita inafika wapi."

"Chef, ile njo chakula ya pédale!"

"Effort de guerre," akasema kwa upole, yaani mchango wa vita, akamwaga pile zangu zote kwenye kofia yake, akanirudishia mwanzi mtupu. Kisha akaona kitu kwenye mfuko wa shati la Kasika. "Na ile sigara pia."

Kasika akatoa pakiti nzima kwa uchungu mkubwa. Ishikeni vizuri hiyo pakiti ya sigara, wasomaji wangu, maana kama isingechukuliwa, leo ningekuwa nawaandikia habari za harusi.

*

Beni kulikuwa na joto, na Hulda alikuwa mlangoni, kitenge cha kwaya kiunoni. Alipotuona tumepakwa vumbi kuanzia kope mpaka kisigino alicheka akaziba mdomo kwa mkono.

"Mulitoka mu shimo?"

"Tulitoka mu disko," nikasema.

"Ingia basi. Na Muyisa, sikia. Papa anapoongea, unanyamaza. Anapofunga macho, hapana fikiri analala. Anasikilizaka vile."

Papa Éliakim alitupokea sebuleni. Mtu mrefu, mkavu, sauti ya chini. Akatusalimu kwa Kinande, akauliza habari za shangazi Florentine, akasema tuombe kwanza. Tukainamisha vichwa. Akaombea njia, akaombea Kivu, akaombea hata waliompiga risasi. Halafu akafika nyumbani.

"Na binti yangu, Hulda..."

"Eee, papa!" Hulda akaitika kwa nguvu kutoka jikoni.

Kasika akashikwa na kikohozi cha kuficha kicheko. Papa Éliakim akaendelea na sala bila kufungua macho, kama mtu aliyezoea. Baadaye Hulda alinieleza. Walilelewa hivyo, jina likitoka mdomoni mwa baba, mtoto anaitika kabla hajafikiri, hata akiwa usingizini, hata akiwa juu ya mti. Alikwisha kuitika mara nyingi katikati ya maombi ya kanisa zima.

Kisha Papa akaleta kisanduku, kimefungwa ndani ya kitenge cha zamani. Akakifungua kama anayefungua mtoto mchanga. Kilikuwa cha rangi ya buluu, kinang'aa, nacho kina jicho jekundu.

"Unajua kwa nini niliuza hii?" akaniuliza. Kwetu kuuza ndiko kununua, msije mkachanganyikiwa. "Mama ya Hulda, marehemu, alikuwaka anaimba kule Vuhovi, juu ya kilima. Wimbo yake mwenyewe, alitunga akilima. Na kilima ya ng'ambo ilikuwa inamuitikia. Kila neno. Tulikuwa batoto ya kuoana sasa sasa. Miaka mingi sijasikia ile. Nikaingia mu magazini ya magitari kule Dubai, mutu moja anajaribisha gitari na hii kintu, nikasikia kilima. Nikalia mbele ya batu."

Hapo nilitaka kusema neno, nikakumbuka onyo la Hulda, nikameza.

"Mwenye magazini alinionyesha bidole," akaongeza. "Vile." Akanyoosha vidole vyote, akakunja gumba moja. "Tisa. Halafu akafanya mukono vile ya kukataza. Mi sijue maana yake."

"Mimi najua, Papa," nikasema, kifua mbele. "Volti tisa. Hapana kupitisha."

"Sawa. Na pile?"

Nikamweleza ya barrière. Kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Akaenda chumbani akarudi na boksi la pile mpya, za Dubai, zimefungwa bado na nailoni, zinang'aa kama sahani za harusi.

"Twaa zote. Ni ya Mungu."

Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kushika pile ambayo haijaanikwa kwenye bati.

*

Tukakaa chini ya mwavokado uani, mimi na Kasika, tukaanza kujaza mwanzi. Nikatia moja, nikatia ya pili. Nilipofika ya saba Kasika, ambaye huniita Grand kama kaka mkubwa, akanishika mkono.

"Grand, simama. Unatia ngapi?"

"Nane. Kama siku zote."

"Siku zote ni pile ya kuzeeka. Zile zilikuwa na nguvu nusu nusu, njo maana tulitia nane. Hii iko mupya. Moja ni volti moja na nusu. Hesabu. Sita, ni tisa. Nane, ni kumi na mbili!"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nasema wazi, mbele ya taifa zima, hesabu yake ilikuwa sahihi na niliielewa.

Lakini mwanzi! Mwanzi wangu ulikatwa kwa urefu wa pile nane. Ukitia sita zinacheza ndani, hazigusani, umeme haupiti. Inabidi ujaze lile pengo na kitu cha kupitisha umeme. Na kila mtu wa Butembo anajua kinachojaza pengo la mwanzi. Ni ile karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti ya sigara, unaikunja, unaisindilia, mambo yanaenda.

"Toa pakiti yako," nikamwambia.

"Pakiti iko barrière."

Tukatazamana. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda, na kwenye kibanda sigara zimepangwa. Na mbele ya kibanda, kwenye benchi, wamekaa wazee wa kanisa watatu, wamevaa makoti, wanasubiri ibada ianze.

"Enda uombe," Kasika akasema.

"Mimi? Mukatoliki, mupiga gitari, na sasa mutu wa sigara? Byote tatu? Mbele ya mulango ya shemasi, siku ya shukrani? Enda wewe."

"Mi niko na wewe. Watasema ni yako."

Tukatafuta msumari, tukatafuta bulon, yaani bolti, tukakuta kifuniko cha soda chenye kutu ambacho hakikupitisha kitu. Na ngoma ya kanisa ikalia.

Nikatia ya saba, nikatia ya nane. Mwanzi ukajaa vizuri sana, ukakaa kimya. Kisha nikafanya ninachofanya siku zote kabla ya kupiga, nikalamba ncha za waya. Pile zangu za jua huuma ulimi kidogo tu, kama pilipili ya jana. Hizi zilinirusha kichwa nyuma nikagonga mti.

"Unaona!" Kasika akapiga kelele. "Ulimi inakuambia!"

"Inaniambia aksanti," nikamjibu nikicheka, nyota bado machoni. Ulimi ulikuwa unanisema, nami nikadhani unanisifu.

Nikajaribu kwanza na pedali yangu ya kukwaruza. Ah! Sijui niwaelezeje. Ile sauti ambayo siku zote ilitoka imebanwa kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake, leo ikavua viatu. Ikawa pana, safi, kali mahali pa ukali. Watoto wa mtaa mzima wakajaa uani. Hata wazee wa benchi wakageuza shingo.

"Sikia!" nikamwambia Kasika. "Kumi na mbili inaipenda!"

"Ile ni chuma ya zamani, inakula kila kintu. Ya Papa ni mutoto ya masomo. Hapana sawa sawa."

"Wapi! Pédale ni pédale."

Jamani, nilikuwa nimelewa furaha. Pile mpya mkononi, Hulda ananitazama kupitia dirisha la jikoni akiwa na tabasamu lile la upande mmoja, shangazi Florentine nikimwona tayari kwa mawazo akivuka barrière na mbuzi wetu wa mahari. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia habari za hesabu.

*

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Papa Éliakim alikaa mbele kabisa, amevaa koti lile lile alilolala nalo shambani Alimbongo. Lilifuliwa, lakini tope la kiwiko aliliacha kwa makusudi, lishuhudie.

Wimbo wa marehemu ulikuwa wa mwisho. Hulda akawapanga akina mama wa kwaya, akanipa ishara. Papa akafumba macho.

Wimbo wenyewe ni mfupi. Unasema: *Nimefika, Baba, nimefika na tope zangu.* Basi. Unarudiwa.

Nikapiga ule mstari kwa gitaa. Nikakanyaga kisanduku cha buluu.

Jicho jekundu likawaka, na liliwaka sana, lilikodoa. Na mwangwi ukaja! Nilipopiga *zangu*, kisanduku kikajibu *zangu*, kikajibu tena, mbali zaidi, ng'ambo ya bonde. Nikaona kidole cha Papa kikifuata mwangwi juu ya goti lake. Yule mtu alikuwa Vuhovi.

Halafu kisanduku kikasema *pf*.

Hiyo tu. Sauti ndogo, ya aibu. Jicho likazimika. Ampli ikawa bubu. Na kutoka pembeni mwa kisanduku ukapanda uzi mwembamba wa moshi, mweupe, unanyooka kwenda juu polepole kama sadaka ya Abeli.

Mama mmoja safu ya pili akanusa, akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Huyu Mukatoliki ameleta ubani yake mpaka huku!"

Moyo wangu ulikwisha. Sikufikiri pedali, sikufikiri Dubai. Nilifikiri mlango ule ambao sitapita mbele yake tena.

Lakini Kasika, Mungu ambariki na nyumba yake, alichomoa waya kwenye kisanduku cha buluu akauchomeka kwenye pedali yangu, haraka, kama anayefunga kamba ya kiatu. Gitaa likarudi, kavu, peke yake, bila kilima.

Nikainua macho. Hulda alikuwa ameona moshi. Alinitazama, akamtazama baba yake aliyekuwa bado amefumba macho, uso umeanza kukunjamana kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kilichokuwa mkononi sasa hivi. Akageukia kwaya. Akainua mkono. Nilipofika mwisho wa mstari, akaimba kwa sauti ya mbali, ya koo lililofungwa nusu:

"...tope zangu..."

Na akina mama wa nyuma yake, chini zaidi: "...zangu..."

Na wa mwisho kabisa, ukutani, kama pumzi: "...ngu..."

Uso wa Papa Éliakim ukafunguka. Machozi yakaanza kushuka, hakuyafuta. Sisi tukarudia, tukarudia tena, gitaa likiuliza na wanawake wakijibu, na kwa kweli, wasomaji wangu, hata mimi niliyekuwa na kisanduku maiti chini ya kiatu nilisikia kilima.

Ulipokwisha, Papa akasimama, akageukia kanisa.

"Mashini yangu," akasema, "inaitikia hata sauti ya batu! Sikujua. Mwenye magazini hakuniambia." Akanipa mkono mbele ya wote. "Familia ya huyu kijana ikuje. Mulango iko wazi. Bazee, muko bashahidi."

Vigelegele! Kasika akanirukia mgongoni. Wale wazee wa benchi wakanipongeza mmoja mmoja. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na nikacheza, ndiyo, nilicheza ndani ya kanisa la Kiprotestanti, na hakuna aliyenitoa.

*

Uani kwa Papa palipikwa mbuzi na bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Wazee waliketi chini ya hema. Kasika alikuwa kwenye sahani ya tatu. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kumweleza Hulda kwamba nitatafuta fundi, hata kama ni Kampala, hata kwa miguu, Papa asijue mpaka kisanduku kipone.

"Hata miguu itakwisha," Hulda akaninong'oneza, "utatafuta mingine."

"Unacheka?"

"Nitafanya nini? Ningelia, mafuta ya uso ingeharibika."

"Muyisa!"

Ilikuwa sauti ya Papa, kutoka sebuleni. "Kuja na gitari. Leta ampli na betri yake. Na mashini."

Nikaingia na vyote, mwanzi kwapani, nikauweka kwenye mkeka. Alikuwa peke yake, kwenye kiti chake, viatu amevua. Alikuwa na uso wa mtoto aliyeahidiwa kitu.

"Kule kanisani batu baliimba sana. Mama bale bana sauti ya nguvu, sikusikia mashini muzuri. Sasa bako banakula. Ninataka wewe na mashini tu. Wimbo ya mama Hulda. Ninataka kilima peke yake."

Ningesema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa, neno "Papa" likatoka.

"Hapana ongea," akasema. "Piga." Na akafumba macho.

Nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye ampli. Nikaweka kisanduku cha buluu sakafuni mbele yangu, kimekufa, hakijaunganishwa na chochote. Ndipo nikaona pazia la mlango wa ndani, lile la kitenge cha maua, likitikisika. Chini yake vidole vya miguu ninavyovijua.

Nikapiga mstari. *Nimefika, Baba, nimefika na tope zangu.* Nikakanyaga kisanduku kwa nguvu ili kilie *tak*, mzee asikie.

Na kutoka nyuma ya pazia, laini mno, sauti isiyo na neno ikaurudia mwisho wa gitaa. Mara moja. Mara ya pili, mbali. Mara ya tatu sikujua kama nimesikia au nimetamani.

Papa Éliakim akatabasamu. Nikapiga tena, kilima kikajibu tena. Nilianza kuamini kwamba tutafika. Hata nilianza kuburudika, nikaongeza madoido kidogo kwenye kamba za chini, na pazia, kwa uaminifu kabisa, likayarudia madoido. Mke wa namna hii, nikajiambia, nitampata wapi tena duniani?

"Njo ile," mzee akanong'ona. "Njo ile kabisa, Vuhovi." Machozi yakamtoka tena. Na furaha ile ikamzidi, ikawa kubwa kuliko mtu mmoja, akataka kugawana na aliye karibu na moyo wake. Akiwa bado amefumba macho akainua kichwa, akaita kwa sauti kubwa kuelekea uani:

"Hulda! Kuja usikie vile mama yako anaitikiwa!"

"Eee, papa!"

Pazia ndilo lililoitika. Karibu naye kiasi cha kumgusa kwa mkono, kwa sauti ile ile, na kabla gitaa halijanyamaza.

Vidole vyangu vikasimama juu ya kamba.

Papa Éliakim akafungua macho. Akalitazama pazia, na chini ya pazia. Akakitazama kisanduku, jicho lake limezimika, waya wake haupo. Akautazama mwanzi wangu uliolala kwenye mkeka, akauinua, akazimwaga pile mapajani mwake na kuzigusa moja moja kwa kidole, midomo ikihesabu moja na nusu, tatu, nne na nusu, mpaka kumi na mbili. Kisha akainyoosha mikono yake mbele ya macho, vidole vyote, akakunja gumba moja, akakaa akiitazama.

Mwisho akainama, akaokota kisanduku, akakinusa.

"Hulda," akasema.

"Eee, papa." Safari hii kwa sauti ndogo sana.

"Bazee bako banakula bado?"

"Bako banakula, papa."

"Baite. Barudi bote, mpaka wa mwisho. Ile neno nilisema kule kanisani, nilisema nikiwa nimefunga macho." Akakiweka kisanduku mapajani, katikati ya zile pile. "Sasa nimefungua. Iko neno ingine."

Nilimtazama usoni nipate hata alama ndogo, ya kheri au ya shari, na sikupata. Hulda akapita mbele yangu kwenda uani, na punde nikasikia huko nje viti vya wazee vikivutwa. Kunjeni gazeti mkale; mimi nabaki pale pale mpaka wiki ijayo.